Uzoefu wangu wa kukodi yoti ya matanga katika pwani ya Dalmatia, Kroatia

Huduma ninayoieleza hapa ni ya kukodi yoti ya matanga pamoja na nahodha kwa wiki moja, kutoka marina (bandari ya yoti) iliyo karibu na mji wa Split katika pwani ya Dalmatia. Tulikuwa familia mbili, watu wazima na watoto, wakazi wa kaskazini mwa Ujerumani, isipokuwa dada yangu aliyekuja kutoka Tanga. Kazi ya kupanga safari nilikabidhiwa mimi kwa sababu nimekulia pwani na vyombo vya baharini si vigeni kwangu. Ninaipendekeza huduma hii kwa moyo mmoja, lakini kwa sharti: fedha ya kwanza mnayoitenga iwe ya nahodha mzuri, na ukubwa, upya na urembo wa chombo vifuate baadaye.

Sheria za Kroatia zinaruhusu kukodi chombo bila nahodha, ila ni lazima mmoja wa wasafiri awe na leseni ya kuongoza vyombo inayotambuliwa na mamlaka za nchi hiyo, pamoja na cheti cha kutumia VHF, redio ya mawasiliano ya baharini. Asiye na hati hizo huchukua nahodha kupitia kampuni au wakala, na ujira wake kwa kawaida ni karibu euro 200 kwa siku au zaidi, mbali na chakula chake, ambacho ni juu yenu. Jambo ambalo matangazo mengi hayalisemi wazi ni kwamba nahodha naye anahitaji pa kulala. Chombo kinachotangazwa kuwa cha watu wanane mara nyingi kina vyumba vitatu tu, na nafasi mbili za mwisho hupatikana kwa kushusha meza ya sebuleni na kutandika godoro juu yake. Ukishampa nahodha chumba, kama anavyostahiki mtu aliyebeba roho zenu, chombo cha wanane kinabaki cha watu wanne kwa raha na sita kwa kubanana. Sisi tulichukua chenye vyumba vinne, chenye urefu wa mita 14 hivi, na hatukujuta.

Kuhusu gharama, bei inayotangazwa ni kodi ya chombo kitupu. Juu yake huja malipo ya lazima ya usafi, mashuka na gesi ya kupikia. Ushuru wa utalii unaotozwa kwa kila mtu kwa kila usiku. Dizeli, kwa kuwa chombo hutolewa tangi likiwa limejaa na hurudishwa hivyohivyo. Na ada za marina, ambazo katika miezi ya Julai na Agosti zinaweza kuzidi euro 100 kwa usiku mmoja kwa chombo cha ukubwa kama wetu. Kisha kuna dhamana. Kwa yoti ya kawaida ya matanga ni kama euro 2,000 hadi 3,000, na kwa katamarani, yoti yenye viwiliwili viwili, huwa kubwa zaidi. Huzuiwa kwenye kadi ya mkopo siku ya kuchukua chombo, na kampuni nyingi hazikubali kadi ya kawaida ya akaunti, jambo ambalo msafiri kutoka Afrika Mashariki inafaa alimalize na benki yake mapema. Mnaweza kulipa kiasi kidogo kisichorudishwa ili dhamana ipunguzwe. Lililo muhimu kuliko yote ni kuuliza kwa maandishi ni nani anayewajibika chombo kikipata hasara nahodha wa kampuni akiwa kwenye usukani, kwa sababu mikataba mingi bado humwachia mteja mzigo huo. Wakala wetu alinijibu swali hilo siku ileile, kwa kunitajia kifungu cha mkataba, na tangu hapo nilimwamini.

Mikataba ya huko huenda kwa wiki, kuanzia Jumamosi hadi Jumamosi: mnapokea chombo kama saa kumi na moja jioni, mnatakiwa mmerejea marina Ijumaa jioni, na asubuhi ya Jumamosi saa tatu mnashuka. Kwa hesabu hiyo, siku kamili za baharini ni chache kuliko zinavyoonekana kwenye kalenda, na anayepanga kufika Dubrovnik na kurudi Split ndani ya wiki anapanga kushinda kwenye injini. Kwa mwenye uhuru wa kuchagua, Juni na Septemba ni bora: bahari inaogeleka, kodi ni nafuu, na ghuba zina nafasi. Tulisafiri Septemba.

Makabidhiano ya chombo ndiyo saa ambayo sitaki msomaji aichukulie kuwa ni utaratibu wa kupita tu. Nahodha wetu, mzaliwa wa visiwa hivyohivyo, alianza kwa kufungua mbao za sakafu na kumulika ngama, sehemu ya chini kabisa ya chombo maji yanakokusanyika, kwa tochi, akachovya kidole katika maji kidogo aliyoyakuta humo na kuyaonja, ili ajue kama ni ya chumvi au ya tangi. Yalikuwa ya tangi, akaridhika. Kisha akapandisha tanga kuu hapo hapo gatini na kulikagua mshono kwa mshono, akaiwasha injini na kwenda tezi, nyuma ya chombo, kuhakikisha kwamba maji ya kupoozea yanatoka, akahesabu majaketi ya kuokolea na kumvisha kila mtoto lake. Jaketi za watoto tulikuwa tumeziomba wiki kadhaa kabla kwa kutaja uzito wa kila mmoja. Wakati huo mimi nilipiga picha kila mkwaruzo ubavuni na mfanyakazi wa kampuni akautia katika orodha. Kazi hiyo ilikula muda wote uliobaki wa jioni, na hakuna aliyenung'unika.

Njia tuliyoichora nyumbani ilikuwa Milna katika kisiwa cha Brač, kisha visiwa vidogo vya Pakleni mbele ya mji wa Hvar, kisha kisiwa cha Vis na mji wake wa Komiža, pango la buluu la kisiwa cha Biševo, na kurudi kupitia kisiwa cha Šolta. Nahodha aliitazama, akasema ni njia nzuri, na akatueleza pepo tatu zitakazoamua. Maestral hutoka kaskazini-magharibi siku za jua, huamka kuelekea adhuhuri na kulala magharibi inapoingia. Huu ndio upepo wa likizo. Bura hushuka kutoka milimani kaskazini-mashariki kwa mapigo makali ya ghafla, na unaweza kuvuma huku mbingu ni safi. Jugo hutoka kusini-mashariki, nao hujitangaza kwa mawingu, unyevu na mawimbi yanayokua pole pole. Mtu aliyelelewa kwa kusi na kaskazi, pepo zinazokaa miezi, anahitaji muda kuzoea bahari ambayo upepo wake hubadilika kati ya chakula cha mchana na cha usiku.

Jugo ulitukuta tukiwa Vis. Kila asubuhi nahodha alisoma utabiri wa idara ya hali ya hewa ya Kroatia na kusikiliza taarifa ya redio, na siku hiyo alituambia kwamba hatutazunguka kwenda Komiža kwa chombo wala hatutaliona pango, kwa kuwa mawimbi ya kusini yakiinuka mlango wake mdogo hufungwa kwa wageni. Alisema kwa upole na bila kujadiliana. Kwa anayepanga: hata bahari ikitulia, yoti haziingii Biševo, wageni huingizwa kwa viboti vidogo vya wenyeji, na mwanga wa buluu huwa katika ubora wake kabla ya adhuhuri, jua linapopenya kwenye uwazi ulio chini ya maji.

Tuliacha chombo katika ghuba ya mji wa Vis na kuvuka kisiwa kwa basi, umbali wa kama kilomita kumi, hadi Komiža. Kisiwa hiki kilikuwa kambi ya jeshi la Yugoslavia na kilifungwa kwa wageni hadi 1989, na nadhani ndiyo sababu hakijajaa mahoteli makubwa. Ndani ya ngome ya zamani ya Wavenisi iliyo gatini Komiža kuna makumbusho ya uvuvi, na humo nilisimama muda mrefu mbele ya falkuša, mashua ambayo wavuvi wa huko waliiendesha hadi kisiwa cha mbali cha Palagruža kufuata dagaa. Tanga lake ni la pembetatu, limefungwa kwenye foromali, mti mrefu unaobeba tanga, iliyolala kuelekea omo, mbele ya chombo, na mtu yeyote wa Tanga, Lamu au Unguja angelitambua mara moja. Mbavu zake zina mbao za nyongeza zinazovuliwa, ili upepo ukifa wavuvi wapige makasia karibu na maji. Dada yangu, ambaye marehemu babu yetu alimfundisha kushika shikio la ngalawa, alimweleza mlinzi kwa ishara jinsi sisi tunavyoligeuza tanga kupita mbele ya mlingoti, na mzee yule akaenda kutuletea picha za mashindano ya zamani. Kwangu mimi, siku ambayo ratiba ilivunjika ndiyo iliyolipa safari nzima.

Kufunga chombo katika Bahari ya Kati kunahitaji mazoezi, na hapa ndipo nahodha alipostahili kila senti. Chombo huingia kinyumenyume, tezi ikitazama gati, kati ya vyombo viwili vilivyoachiana nafasi finyu. Mfanyakazi wa marina huinua kamba nyembamba kutoka majini, nawe unaidaka kwa upondo wenye ndoana na kuifuata hadi omo huku ikichuruza matope na vipande vya kome vinavyokata viganja, mpaka uipate kamba nene iliyofungwa kwenye uzito chini ya bahari. Ukaivuta na kuikaza. Chukueni glavu. Kwa kuwa maji ya huko hupanda na kushuka kwa chini ya nusu mita, kamba za tezi hukaa vilevile usiku kucha, jambo ambalo kwetu, penye bamvua (maji makuu) la mita nne, lisingewezekana.

Katika ghuba nyingi, migahawa ya wenyeji iitwayo konoba ina maboya yake, nawe hufunga bila malipo ukila kwao. Kwa sisi Waislamu chakula hakikuwa taabu: samaki wa kuchoma, dagaa, na pweza aliyepikwa na viazi chini ya kifuniko cha chuma kilichozungukwa na makaa, ambaye ni lazima aagizwe saa kadhaa kabla, hivyo nahodha alipiga simu mchana. Samaki huuzwa kwa kilo. Ulizeni bei na wapimwe mbele yenu.

Kuhusu hati, Kroatia iliingia katika eneo la Schengen na kuanza kutumia euro tarehe 1 Januari 2023. Wenye kibali cha ukaazi cha Ujerumani hatukuhitaji viza nyingine. Dada yangu aliomba viza ya Schengen, akaambatisha mkataba wa chombo kuwa uthibitisho wa malazi. Majina na namba za pasipoti za wote hutumwa kwa kampuni kabla ya safari kwa ajili ya orodha rasmi. Mwenye viza ya kuingia mara moja asishawishike kuvuka hadi Montenegro, kwani nchi hiyo iko nje ya Schengen na hataweza kurudi.

Malalamiko yangu ni moja. Kiboti cha mpira kilionyeshwa kwenye tangazo kikiwa na injini, lakini gatini tuliambiwa injini hiyo hukodiwa kando. Msimamizi alikubali kupunguza nusu ya bei nilipomwonyesha picha, ingawa ilipaswa isemwe tangu mwanzo. Mengine yote yalikwenda kama ilivyoandikwa: Ijumaa jioni mzamiaji alikagua mkuku (uti wa chini wa chombo) na usukani, na Jumamosi kabla hatujafika uwanja wa ndege dhamana ilikuwa imeachiwa yote. Natoa nyota nne kati ya tano. Nimekwisha kuomba bei ya Septemba ijayo kwa kampuni ileile, nikimtaka nahodha yuleyule, na nimetaka injini ya kiboti itajwe ndani ya mkataba.