Kibanda cha raba Gikomba: mzee anaanza na soksi

Ukiwa kocha wa timu ya chuo isiyo na mfadhili hapa Nairobi, viatu vinakunyima usingizi kuliko wapinzani. Uwanja wetu ni wa saruji, na saruji inatafuna soli. Sasa nimepata kibanda kwenye soko la mitumba la Gikomba, upande wa kuelekea mtoni, na wasichana wangu wote wa kikapu nawapeleka huko.

Muuzaji ni mzee mmoja mpole. Ukifika hakuulizi saizi. Anamketisha mchezaji juu ya robota, anamkabidhi soksi nene na kumwambia, “Vaa, mwanangu, kisha pitisha mkono mwenyewe, kisiginoni na penye kidole cha mwisho. Ukihisi mkunjo, vua uanze tena.” Siku ya kwanza msichana wangu mmoja alivua mara tatu. Ndipo kiatu kikaletwa, akaambiwa asimame, arukeruke kidogo, aseme vidole vimefika wapi.

Nilibaki nimeduwaa, maana hilo ndilo lililokuwa somo la kwanza la John Wooden. Alifundisha kikapu chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles, tangu 1948 hadi 1975, na kila msimu aliufungua kwa kuwaonyesha wachezaji namna ya kuvaa soksi na kufunga kamba. Hata Bill Walton, kijana aliyefika pale akiwa tayari ana sifa tele, alianza na soksi. Mkunjo huleta lengelenge, na lengelenge humtoa mtu mazoezini, basi. Kabla ya vyuo Wooden alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, na ualimu ule hakuuacha hata uwanjani. Watu humtaja kwa mataji yake 10, au zile mechi 88 mfululizo bila kushindwa. Mimi namshikilia kwa jambo jingine: alimaliza misimu 15 pale UCLA bila taji la taifa hata moja, na la kwanza likaja 1964. Mimi huu ni mwaka wangu wa 11 na kabati letu bado halina kombe, kwa hiyo hesabu hiyo huwa naipiga mara nyingi nikiwa ndani ya matatu.

Turudi kwa raba. Mwaka jana nilinunua pea sita kwingine, zimeng'arishwa zikang'aa. Kwenye mechi ya pili, msichana anayepanda na mpira alikata kona na soli ikabaki nyuma yake. Ilikuwa imebandikwa upya kwa gamu. Alimaliza mechi na viatu vya mwenzake, vikubwa kwake, na wiki nzima iliyofuata akawa anachechemea. Sikusahau ule mguu.

Huyu mzee hukagua mbele yako. Anakunja kiatu mbele, penye vidole, aone kama mshono unafunguka. Anakinusa ndani, gamu mbichi ina harufu yake. Kisha anakandamiza soli kwa ukucha: ukizama, anakirudisha rafuni na kusema hicho ni cha ukumbini, kwenye saruji hakimalizi muhula. Ameshakataa kuniuzia pea mbili kwa sababu hiyo, nami pesa nilikuwa nazo mkononi.

Bei si ya kutupa. Pea nzuri nimelipa kati ya shilingi 1,800 na 2,500, na kwa watano alinipunguzia 500 tu baada ya mjadala mrefu. M-Pesa anapokea. Kubadilisha ni ndani ya siku tatu, mradi kiatu hakijaguswa na uwanja. Mvua ikinyesha njia ya pale ni tope tupu, nenda na gambuti. Ukifika baada ya saa nne asubuhi, zile kamera, yaani pea safi kuliko zote kwenye robota, zimeshachukuliwa.

Upungufu mkubwa kwangu ni saizi kubwa zenye umbo la mguu wa kike. Mchezaji wangu wa kati anavaa 42 na mguu wake ni mwembamba. Za wanaume zinamcheza kisiginoni, na mzee mwenyewe alimkataza kuzichukua. Ameandika namba yangu kwenye daftari lake. Robota jipya anafungua Alhamisi, nasi tutakuwa pale saa kumi na mbili asubuhi, soksi tukiwa tumekuja nazo.