Roland SPD-SX: kuingiza msondo na upatu wa kwetu ndani ya pedi

Kama unapiga kwenye harusi za Pwani na unaifikiria SPD-SX, mashine ya pedi za kielektroniki inayorekodi sauti na kuzitoa ukizipiga, usiinunue kwa ajili ya sauti zinazokuja nayo kutoka kiwandani. Snea na besi zake ni nzuri, lakini kila bendi inazo. Mimi niliitaka kwa sababu nyuma ina tundu za kuingizia sauti, na unarekodi humohumo bila kompyuta. Nilitaka ngoma za msondo na chapuo, pamoja na upatu, ile sahani ya shaba inayogongwa, vikae kwenye zile pedi 9.

Kazi kubwa iko kabla hujaigusa mashine. Ngoma ya ngozi lazima ikanzwe kwanza, na unyevu wa huku unailegeza upesi. Ukichelewa, sauti imeshashuka. Tulifunga madirisha, tukazima feni na friji, tukasimamisha magodoro ukutani ili mwangwi usirudi. Maikrofoni niliiweka shubiri moja kutoka kwenye ngozi, imeelekezwa karibu na ukingo. Ikitazama katikati, besi inajaa na ule mlio wa kiganja unamezwa. Ikapita kwenye mixa ndogo, ndipo ikaingia kwenye SPD-SX.

Rekodi kwa sauti ya chini kuliko unavyodhani inatosha. Pigo la ngoma hupanda ghafla mno, na likishakwaruza kwa kuzidi halitengenezeki tena. Dogo lililo safi utalikuza baadaye.

Muda mwingi uliniishia kwenye kukata mwanzo wa kila sauti. Ukiacha ukimya kidogo tu kabla ya pigo, hata sehemu mbili za mia za sekunde, mkono unajua: unapiga, sauti inakufuata nyuma, na kwenye chakacha hukai kwenye mwendo. Upatu ni kinyume chake, shida iko mwishoni. Mvumo wake ni mrefu, uache ufifie wenyewe. Mimi niliurekodi mara mbili, ulio wazi na uliozibwa kwa mkono, nikaziweka pedi hizo kundi moja ili huu ukipigwa ule unyamaze, kama anavyofanya mpigaji mwenyewe.

Kila pedi inabeba sauti mbili, kwa hiyo pigo laini na pigo zito vinaweza kukaa pamoja. Kwa chapuo inatosha kabisa. Msondo unadai zaidi, maana kiganja kizima, vidole na ukingo ni sauti tofauti. Nikaugawa kwenye pedi tatu na sijutii. Nafasi isikutishe: kumbukumbu ya ndani ni GB 2, na pigo la sekunde 2 kwa stereo halifiki hata MB 0.4. Toleo la PRO la mwaka 2022 lina GB 32, lakini kwa kazi hii ya mapigo mafupi sioni haja.

Mpigaji wa msondo tulimlipa, na nikamweleza sauti zake zitatumika wapi. Tafadhali fanyeni hivyo. Mkono ule umejifunza kwa miaka mingi.

Ukinunua iliyotumika, piga kila pedi katikati na pembeni, kisha chomeka kitu kwenye tundu za kuingizia na urekodi hapohapo mbele ya muuzaji. Wengi hujaribu tu zile za kutolea sauti. Na ukishamaliza kurekodi, hifadhi kila kitu kwenye flashi ya USB siku hiyohiyo.