Kisu cha kukunja: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Kazi za kisu cha mfukoni ni ndogo ndogo: kukata kamba, kufungua boksi, kumenya tunda, kuchonga vigingi vya hema. Bapa la sentimita 6 hadi 9 linatosha kabisa, na likiwa jembamba ndiyo vizuri zaidi. Wengi hununua kisu kinene wakidhani unene ndio uimara, halafu wanashangaa kinapasua karoti kama shoka badala ya kuikata.

Namba moja kwangu ni Victorinox Pioneer. Najua ni jibu lililozoeleka, lakini sijaona cha kukishinda. Kikikunjwa kina urefu wa milimita 93, na mashavu ya mpini ni ya alumini yenye vinundu vidogo, hivyo hakitelezi hata mkono ukiwa umelowa. Ni ndugu wa kisu cha askari wa Uswisi cha mwaka 1961, ambacho jeshi lao lilikitumia hadi 2008. Ndani kina bapa moja, kifungua kopo, kifungua chupa chenye ncha ya bisibisi, na msharasi, yaani ncha kali ya kutobolea. Msharasi huo watu huudharau mpaka siku mkanda wa suruali unapodai tundu jipya.

Chuma chake ni cha pua na hakikukazwa kupita kiasi. Ni takriban 56 kwa kipimo cha Rockwell, yaani kipimo cha ugumu wa chuma. Maana yake makali yanaisha mapema kuliko ya visu vya bei kubwa, lakini dakika chache kwenye kinoo zinayarudisha. Mimi nakubali biashara hiyo. Kisu kigumu ambacho mwenyewe huwezi kukinoa kitakaa butu kwenye droo. Kasoro yake ni kwamba hakina kifungio: bapa linashikiliwa na springi tu, kwa hiyo ukichokoa kitu kwa ncha kinaweza kukufungia vidole.

Namba mbili ni Opinel Na. 8, kutoka Ufaransa. Kwa kukata tu, hiki kinampita wa kwanza. Bapa lake la sentimita 8.5 ni jembamba, mpini wa mbao unajaa kiganjani, na ni chepesi kiasi cha kukisahau mfukoni. Tangu 1955 kina pete ya chuma unayoizungusha ili bapa lisijifunge. Kipo cha chuma cha pua na cha chuma cha kaboni. Cha kaboni kinanoleka upesi, ila ukikata limau bapa linageuka kijivu. Rangi hiyo si ubovu. Kutu nyekundu ndiyo adui, nayo huzuiwa kwa kitambaa kikavu na tone la mafuta ya cherehani.

Kilichokiweka namba mbili ni maji. Mbao ikilowa huvimba, na bapa linang'ang'ania ndani. Usilivute kwa meno, tafadhali. Legeza pete, kisha gonga kitako cha mpini juu ya kitu kigumu, na bapa litachomoza lenyewe.

Namba tatu ni Mercator wa Ujerumani: mpini wa bati la chuma lililokunjwa, mwembamba sana, wenye kifungio mgongoni. Kinadumu, lakini kingo zake zinaumiza ukichonga kwa muda mrefu. Namba nne ni Okapi, kile cha pete na mlio wa krr-krr kinapofunguliwa. Ni cha kazi za vumbi, usidai umaridadi.

Kabla ya kuchagua, angalia sheria za unakoishi. Uingereza, kwa mfano, inaruhusu kubeba bila sababu maalumu kisu cha kukunja kisichozidi inchi 3 na kisicho na kifungio, kwa hiyo pete ya Opinel inakitoa kwenye ruhusa hiyo.

Nisichokishauri ni vile visu visivyo na jina vyenye vifaa 15. Nilinunua kimoja kwa tamaa ya kale kamsumeno. Pini ya katikati ililegea ndani ya wiki chache, na kila nilipotafuta bapa ulitoka mkasi.

Ukiwa dukani, fungua kisu, shika ncha kwa uangalifu na uitikise kushoto na kulia. Ikicheza, rudisha. Kifunge, kiinue kwenye mwanga, uone kama bapa limekaa katikati bila kugusa mashavu. Kisha kata karatasi kuanzia kitako cha bapa hadi nchani; linapokwama ndipo penye pengo. Muuzaji asipotaka ukifungue kabla ya kulipa, mwachie kisu chake.