Programu ya kuchunguza majibu ya hoja: skrini nyeupe si jibu

Nina hasira na programu hii, na kinachoniumiza zaidi ni kwamba nilikuwa nimeanza kuipenda.

Anayeshughulika na hoja kwenye kompyuta anaujua mfumo wa mtafiti Phan Minh Dung wa 1995: hoja ni nukta, shambulio ni mshale, na jibu ni kundi la hoja zinazoweza kusimama pamoja. Kinachochosha ni wingi wa majibu. Jozi 10 tu za hoja zinazoshambuliana zinakupa majibu imara 1,024, yaani makundi ambayo hoja zake hazishambuliani na kila hoja iliyobaki nje inashambuliwa na mojawapo ya zilizo ndani. Nani atayasoma kwenye orodha? Kwenye programu hii unabofya hoja moja, majibu yasiyo nayo yanafifia, na unaona papo hapo zipi zinaandamana nayo kila mara. Raha tupu.

Sasa hivi karibuni mchoro wangu ulikuwa na hoja tatu zinazozungukana: A inaishambulia B, B inaishambulia C, C inaigeukia A. Nikaomba majibu imara. Kila kitu kikatoweka! Hakuna nukta, hakuna ujumbe, hata alama ya kusubiri hakuna. Imekufa? Bado inahesabu? Au ndiyo inaniambia hakuna jibu?

Maana kweli hakuna. Mzunguko wa tatu kama ule, usipokuwa na hoja ya nje ya kuuvunja, unazuia jibu imara kwa mchoro mzima, hata kama kwingine kote mambo ni shwari. Hilo ndilo jambo ambalo mtu anafungua mchoro ili alione! Ipake ile mishale mitatu rangi nyekundu nijue kikwazo kiko wapi. Nilipoomba badala yake makundi makubwa kabisa yanayojitetea, nukta zote zikarudi, zile tatu zikiwa nje ya kila jibu. Kumbe ilikuwa hai muda wote, imeninyamazia tu.

Nikawaandikia wahusika, nikaeleza yote hayo na mchoro nikaambatanisha. Jibu lao: "Funga, kisha fungua upya." Basi. Hata kuusoma ujumbe hawakuusoma.

Nilikuja hapa kuipa nyota moja. Lakini kile kichujio cha kubofya, haki yake nisiinyime, kimenionyesha mambo ambayo orodha ilikuwa imeyafukia. Basi tatu. Hapana, nikikumbuka lile jibu lao, mbili, mpaka waandike pale kwenye weupe maneno mawili: "Hakuna jibu."