Bwawa la zamani la pengwini London Zoo: jengo nalipa nyota 5, makazi ya ndege nayapa nyota 1

Jamani mi nilienda London Zoo kwa ajili ya kitu kimoja tu, lile bwawa la zamani la pengwini, wanyama wengine niliwapitia haraka haraka. Na sijutii hata kidogo.

Lilijengwa 1934, msanifu ni Berthold Lubetkin na wenzake wa kundi la Tecton, injinia wao Ove Arup, yule yule ambaye baadae kampuni yake ndo ilipiga mahesabu ya Sydney Opera House. Umbo lake kama yai, kuta nyeupe, zimeachwa nafasi za watu kuchungulia, halafu katikati ndo maajabu yenyewe: njia mbili za zege zinateremka huku zinajikunja na kupishana hewani, kila moja ina kama mita 14, na chini yake hakuna nguzo. Hakuna hata moja! Zimeshikiliwa kwenye ncha tu, kazi yote zinaifanya nondo za chuma zilizofichwa ndani. Niliinama nikaiangalia kwa ubavuni, ni nyembamba mpaka unaona kama itapinda, nikasogea hatua mbili kushoto zile njia zikabadilika kabisa zilivyopishana, nikasogea tena, zikabadilika tena, nimezunguka hivyo sijui mara ngapi. Na enzi hizo kompyuta hakuna, ni karatasi na penseli.

Sasa pengwini hawapo. Walihamishwa 2004 na sababu inauma kwa kweli, maana lile zege lilikuwa linawachubua nyayo, bakteria wanaingia kwenye michubuko, miguu inavimba. Halafu pengwini wa Humboldt, aina inayofugwa pale zoo, kwao ni pwani za Peru na Chile, kule wanachimba mashimo ya kutagia, sasa kwenye zege utachimba wapi? Ukilitazama vizuri unaona lilijengwa kama jukwaa, ndege washuke kwa foleni kule juu sie tushangilie, na mtu aliyelichora alijua sana macho ya watu yanataka nini, miguu ya pengwini ndo haikuulizwa. Hiyo 1 yangu ndo inatoka hapo.

Kuna wanaosema livunjwe, hata binti wa Lubetkin mwenyewe alishasema labda lilipuliwe tu kama pengwini hawarudi. Mi nakataa kabisa. Kwanza liko daraja la 1 kwenye orodha ya majengo ya urithi ya Uingereza, huligusi hivi hivi bila kibali, na pili hizo njia mbili ni katika zege zuri kuliko lote nililowahi kuliona kwa macho yangu. Libaki, watu waje waone zege linaweza nini, ila asirudishwe mnyama mle.

Ushauri wangu ukienda, anzia Penguin Beach, humo humo zoo, pale walipo pengwini tangu 2011. Usikimbilie kuangalia wakiogelea, angalia miguu yao kwanza. Mi nilimwona mmoja anatembea kwenye mchanga, anazamisha kucha, anatulia, anazamisha tena, nikabaki namtazama tu. Ukishaona hivyo ndo uende kwenye bwawa la zamani, ukae hapo angalau nusu saa, na uzunguke pande zote.