Nililipia msaada wa Linux, nikaambulia kuchekwa

Nyota mbili, na hizo nazitoa kwa shingo upande.

Miezi kadhaa iliyopita nilitoka Windows nikahamia Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, kwa sababu kompyuta yangu imezeeka. Shida yangu ilikuwa moja tu: programu ya kuhariri sauti. Mazoea yana taabu, nikashusha faili la .exe, lile la programu za Windows, nikalibofya, kimya. Nisijisumbue, nikasema, nikalipia huduma moja ya kuwasaidia wageni kwa soga. Jina lao nalihifadhi.

Fundi akaniambia nifungue terminali, dirisha la kuandikia amri, niandike sudo apt install (amri ya kusakinisha) na jina la programu. Sawa. Ikaomba nenosiri. Nabonyeza herufi, hakuna kinachoonekana, hata kinyota kimoja! Nikadhani kibodi imekufa. Nimechomoa waya, nimechomeka, wapi. Nilipomuuliza akajibu: "Wewe ni wa kumi leo. Uwe unasoma kwanza, ndugu." Na emoji ya kucheka juu yake.

Wa kumi! Sasa kama tisa wamekwama palepale kabla yangu, kwa nini hukuniambia mapema kwamba nenosiri halionekani, niandike tu kisha nibonyeze Enter? Hilo lilinikera kuliko pesa yenyewe.

Kisha likaja la kufuli. Terminali ikaandika kwamba inangoja kufuli la dpkg, chombo cha mfumo cha kusakinishia programu, na ikataja kabisa prosesi (programu inayoendelea kufanya kazi) inayolishikilia, jina na namba. Fundi, kwa haraka zake: "Iue hiyo, ufute na faili la kufuli." Nikatii. Kumbe mfumo ulikuwa unajisasisha wenyewe, na kufuli lipo ili programu mbili zisichafue orodha moja ya vifurushi vya programu kwa wakati mmoja. Ningesubiri kidogo tu yangeisha. Badala yake vifurushi vikabaki nusunusu, na kila nikijaribu kusakinisha chochote nakataliwa. Nikarudi kwenye soga, nikakuta imefungwa: "Tatizo limetatuliwa."

Limetatuliwa na nani?

Nikatulia, nikausoma ule ujumbe wa kosa pole pole. Ulikuwa umeniandikia dawa yenyewe, amri ya kumalizia usakinishaji uliokatika: sudo dpkg --configure -a. Nikaiendesha, mistari ikateremka, ikamaliza. Nikarudia amri ya mwanzo. Programu ikaja na kila inachokitegemea, bila kuzunguka tovuti hata moja, bila kubofya "Endelea" mara saba. Nikabaki nimeduwaa. Nilikaa chini kuandika kwamba Linux haifai kwa mgeni, na sasa siwezi, maana mashine ilikuwa na adabu kuliko mtu niliyemlipa. Labda fundi alikuwa amechoka, wa kumi si mchezo. Labda.

Basi nyota mbili zibaki. Hapana, ngojeni, iwe moja: sasa hivi wameniletea barua pepe kuniuliza kama ningependa kulipia mwezi mwingine.