Je, Diana aliondoka kwao kwa ajili ya mwanamume? Uchambuzi wa Wonder Woman: Year One

Haya jamani, karibuni. Leo niko na kitabu hiki cha komiki hapa, ngoja nikisogeze mkione vizuri: Wonder Woman: Year One, hadithi ya mwanzo wa shujaa Diana, ndiye Wonder Woman mwenyewe. Mwandishi ni Greg Rucka, na michoro sehemu kubwa ni ya Nicola Scott. Kilianza kutoka kwa matoleo mwaka 2016, kikakusanywa kitabu kimoja mwaka 2017.

Nina swali moja, na kwangu ndilo linalokibeba kitabu chote. Diana aliacha kisiwa cha kwao kwa nini? Tulivyozoea kusimuliwa, rubani Mmarekani, Steve Trevor, alianguka na ndege yake, binti wa malkia akamwona, akampenda, akamfuata. Mimi hadithi hiyo hainiingii tena. Huyu ni mtu mzima, amelelewa Themyscira, kisiwa cha wanawake watupu, na tangu zamani kisiwa hicho kinaitwa pepo, yaani paradiso. Pepo gani ambayo mtu hapendi wala hapendwi mpaka mwanamume aanguke kutoka mawinguni?

Rucka alipohojiwa mwaka huohuo wa 2016 alijibu waziwazi: ndiyo, Diana amekuwa na wapenzi wanawake. Akaeleza pia kwamba Waamazoni, yaani hao wanawake wa kisiwani, hawawezi kumnyooshea mwenzao kidole kuwa ni mtu wa aina fulani, kwa sababu kwao hakuna aina nyingine ya kulinganisha naye. Sisi wa Kiswahili hili tunalishika upesi. Nikikwambia "mpenzi wake amemuaga", hujui bado anayeaga ni mwanamke au mwanamume, na sentensi imekamilika. Kurasa za kisiwani zisomeni hivyohivyo.

Humo kuna Mwamazoni anaitwa Kasia. Hakuna anayetangaza kitu. Ni vidokezo, ni macho, na Scott anajua kuchora uso wa mtu anayeficha jambo. Lawama yangu iko hapa: Kasia kapewa nafasi finyu mno. Ningetamani kurasa mbili tatu zao wawili, wamekaa tu, wanazungumza. Ukidokeza kwa mbali hivyo, msomaji asiyetaka kuona hataona, na wapo wengi.

Jambo lenyewe si la juzi. William Moulton Marston, mwanasaikolojia aliyembuni Diana mwaka 1941, aliishi nyumba moja na mkewe Elizabeth na mwanamke mwingine, Olive Byrne, wakilea watoto pamoja. Mwaka 1954 daktari Fredric Wertham akaandika kwamba Diana ni mwanamke anayependa wanawake, akaliweka hilo miongoni mwa hatari za komiki kwa watoto. Alichokiona kilikuwepo. Hukumu yake ndiyo ninayoipinga kwa moyo wangu wote.

Sasa turudi kwenye lile swali, pimeni wenyewe. Anayemfuata mpenzi kuna anachokwenda kupata. Diana huyu ana mama, ana kwao, ana wanaompenda, na anaambiwa kabisa kwamba akitoka harudi. Anatoka, kwa sababu huko nje kuna vita na lazima mmoja wao aende. Mfungieni ndani ya mapenzi ya Steve peke yake, na mmempunguzia ushujaa nusu nzima. Mpeni aliyemwacha nyuma, na ule ukurasa wa kuaga unauma kweli. Mimi uliniuma.

Je, Diana hampendi Steve? Anampenda, taratibu, na mapenzi hayo hayamfuti Kasia. Nimempenda hata mimi huyu Steve: amepoteza wenzake kwenye ajali, hajigambi, na hamwoni Diana kama zawadi yake.

Mkikipata, zile kurasa za kisiwani zisomeni mara mbili. Mara ya kwanza fuateni maneno. Mara ya pili yaacheni, mtazame tu nani anamtazama nani.